Maswali Yenu: Glavu, Gaguro na Kusimama Mbele za Watu

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa watu wa Kusini. Swali moja la Mikindani kuhusu sanaa ya jukwaani iitwayo burleski lilifuatwa na la fundi wa Masasi, kisha wakaja wapenzi wa mavazi ya zilipendwa kutoka Lindi na Mtwara mjini. Wanaojibu ni fundi wa mavazi ya jukwaani na mwalimu wa maonyesho, kila mmoja kwa upande wake.

Tuseme jambo moja mapema. Mwenye kujiamini jukwaani hakuzaliwa na macho makavu. Ameshonewa nguo inayomkaa, amehesabu mwendo wake, na anajua mkono wake unakwenda wapi. Hayo yote yanafundishika. Na tunazungumza na watu wazima tu, wa miaka 18 na kuendelea.

Shikamooni. Mdogo wangu anaolewa, na mashangazi wameniomba nifanye onyesho kwenye singo yake, shughuli ya kumsinga kabla ya harusi, wanawake peke yao. Nimesikia kuna sanaa iitwayo burleski inayowapa wanawake ujasiri, lakini wengine wananiambia ni kuvua nguo tu. Mimi ni mtu wa baibui, na nikisimama mbele za watu magoti yananigonga. Kuna namna? — Mwenye Haya, Mikindani

Marahaba, dada. Namna ipo, na huhitaji kuvua kitu cha kukuvunjia heshima.

Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kiitaliano *burla*, yaani mzaha. Mwanzo ilikuwa michezo ya kuwatania wakubwa kwa nyimbo na mavazi. Lydia Thompson, Mwingereza, alipoipeleka New York mwaka 1868 pamoja na kundi lake la wanawake, watu walishtuka kuona wanawake wakicheza nafasi za wanaume huku wakiwakejeli. Kuvua kulikuja baadaye, kwenye kumbi za Marekani za karne ya 20, na hata huko waliosifiwa sana ni wale waliochelewesha. Gypsy Rose Lee aliwashika watu kwa maneno yake na kwa glavu. Sally Rand, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1933, alicheza na vipepeo viwili vikubwa vya kujipepea, vya manyoya ya mbuni, na kazi yote ilikuwa kwenye kuficha.

Ukiondoa kuvua, kinachobaki ni kuchelewesha, macho na utani. Kwa mtu wa pwani hayo si mageni. Mwanamke anayepita uani na kanga yenye jina, akageuka polepole mpaka aliyekusudiwa amalize kulisoma, ameshafanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo fanya onyesho la kitu kimoja tu. Tunapendekeza glavu. Zikodi zile za bibi harusi, za satini, zinazofika kwenye kiwiko. Ukingo wa juu uache nafasi ya kidole kimoja. Zikibana, jasho la Mtwara litazigandisha kwenye ngozi na utabaki unavutana nazo. Nyunyiza poda ya mtoto ndani, nusu kijiko cha chai kila mkono, na uvue pete kabla hujazivaa. Chagua muziki wa polepole, kisha hesabu nane nane hivi:

Nane ya kwanza, usifanye kitu. Simama, kiganja cha kulia kikae juu ya bega la kushoto, watazame. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo itakayowanyamazisha. Nane ya pili, kidole kimoja cha mkono wa kulia kishuke kutoka kwenye kiwiko cha kushoto hadi kwenye kifundo, macho yako yakikifuata. Nane ya tatu, legeza ncha za vidole vya glavu kimoja kimoja kuanzia kile kidogo, kila ncha uivute sentimita moja tu kwa hesabu moja. Vidole vitano, hesabu tano. Tatu zilizobaki, inua macho umtazame mtu mmoja. Nane ya nne, shika ncha ya kidole cha kati uvute mpaka ukingo wa glavu ufike kwenye kifundo, halafu usimame hapohapo. Watapiga vigelegele wakidhani umemaliza. Nane ya tano, itoe yote. Nane ya sita, itundike kwenye bega la shangazi mmojawapo uondoke bila kugeuka.

Kwa mwendo wa midundo 90 kwa dakika, mkono mmoja unachukua kama sekunde 32. Saa ikikuonyesha sekunde 15, umekimbia, na karibu kila anayeanza hukimbia. Mikono yote miwili, ukiongeza kuingia na kutoka, inatosha dakika mbili na nusu. Usizidishe tatu.

Kama glavu huzitaki, tumia kanga. Vaa gauni refu, kanga moja ifunge kiunoni juu yake. Kabla ya kuvaa, kunja pindo la chini kwenda ndani mpaka jina lisionekane, ulibane kwa vibanio viwili vya nguo vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Usitumie pini, itakwama. Nane ya mwisho fungua vibanio, pindo lianguke, jina lisomeke. Chagua jina la kumpongeza bibi harusi; singo si mahali pa kumchoma mtu.

Sasa magoti. Mwili ukiona macho ya watu humwaga adrenalini, na mtetemo wake ni mkali zaidi mwanzoni. Ndiyo maana tumekuwekea nane ya kwanza ya kusimama huku kiganja kimeegemea begani: mkono ulioegemea hauonekani ukitetemeka. Magoti usiyakaze hadi mwisho. Goti lililokazwa hutetemeka zaidi, na ukisimama hivyo muda mrefu kwenye joto unaweza kuona kizunguzungu. Nyuma ya pazia vuta pumzi kwa hesabu nne, itoe kwa hesabu sita, mara tano.

Anza mazoezi siku 14 kabla. Siku nne za kwanza ni wewe na kioo. Siku tano zinazofuata jirekodi kwa simu, tazama mara moja, futa. Siku tatu mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Siku ya 13 mbele ya watu watatu, ukiwa na viatu na nguo utakazovaa. Siku ya 14 pumzika. Mazoezi ya siku ya mwisho huongeza wasiwasi na hayakufundishi jipya.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja kaniletea picha ya gauni la miaka ya 1950, kiuno chembamba na sketi iliyojaa, anataka nimshonee kwa kitenge. Nikikata, sketi inalala chini haisimami kama kwenye picha, na pindo linatoka juu na chini. Nakosea wapi? — Fundi, Masasi

Fundi, makosa ni mawili na yote yanarekebishika.

Kwanza ujue unashona nini. Umbo hilo lilivuma baada ya Christian Dior kuonyesha mavazi yake ya kwanza Paris tarehe 12 Februari 1947, mwaka uleule ambao Waingereza walianzisha mradi wa karanga uliokuja kufika hapo jirani kwenu Nachingwea. Ulaya ilikuwa imetoka vitani, na Uingereza nguo zilikuwa bado za mgao, kwa hiyo sketi iliyomeza mita nyingi za kitambaa ilikuwa habari kubwa. Kitambaa peke yake hakikuisimamisha. Chini yake kulikuwa na gaguro, yaani sketi ya ndani, na hilo ndilo linalokosekana kwenye kazi yako.

Tuanze na sketi yenyewe, solo ya duara zima. Chukua kiuno cha mteja, gawanya kwa 6.28. Kiuno cha sentimita 72 kinakupa karibu 11.5. Huo ni mstari wa kushonea. Mstari wa kukata uwe 10.5, kwa sababu mshono unameza sentimita moja. Wengi hukata kwenye 11.5, na wakishona kiuno kinaongezeka sentimita sita hivi, kisha wanalaumu futi. Urefu ukiwa 60 na pindo 2, mstari wa nje unakuwa 73.5 kutoka katikati ya duara.

Kitenge kina upana wa kama sentimita 115, duara zima haliingii. Kata nusu duara mbili, upande ulionyooka uende sambamba na ukingo wa kitenge, ukiongeza sentimita 1.5 za mshono wa ubavuni. Nusu moja inakula urefu wa sentimita 147, mbili ni karibu mita 3. Kwenye kitenge cha yadi sita utabaki na karibu mita mbili na nusu za kifua na mikono. Tazama maua pia. Michoro yenye kichwa na miguu, kama ndege au miti, itasimama upande mmoja na kupinduka upande mwingine. Mshauri mteja achukue michoro midogo iliyotawanyika.

Pindo linatoka juu na chini kwa sababu kwenye duara kuna sehemu zilizokatwa mshazari, na mshazari hurefuka kwa uzito wake. Shona kiuno, tundika sketi usiku na mchana, saa 24, ndipo umvalishe mteja akiwa na viatu vyake vya siku hiyo. Pima kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, usipime kutoka kiunoni kwenda chini. Weka alama kwa chaki kila kiganja kimoja, kata, kunja.

Gaguro sasa. Liwe fupi kuliko sketi kwa sentimita nne, yaani 56. Juu weka kitambaa cha pamba cha sentimita 18, upana 110 kwa mwenye nyonga za 100, chenye mpira kiunoni. Hapo ongeza ngazi mbili za neti ngumu, kila moja sentimita 19 baada ya kushonwa: ya kwanza upana wa mita 2.2, ya pili mita 4.4. Neti yenye upana wa mita moja na nusu ukiikata vipande vitano vya sentimita 21 inatosha safu moja, yaani kama mita 1.1. Safu mbili ndizo zinazosimamisha kitenge. Moja haitoshi, kitenge ni kizito.

Kukusanya mikunjo, piga mistari miwili ya mshono mrefu, si mmoja. Uzi ukikatika kwenye mita ya nne na ulikuwa mmoja, unaanza upya. Gawa neti na kitambaa robo nne, funga robo kwa robo, ndipo uvute. Ncha ya chini izungushie utepe wa satini, vinginevyo neti itamkwaruza mapaja na usiku mzima atacheza akijikuna. Ndani kabisa weka bitana ya pamba.

Neti ikilegea baada ya kufuliwa, ipe wanga wa muhogo: vijiko viwili vya chakula kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye lita moja inayochemka, koroga mpaka ing'ae, ikipoa chovya, kamua kwa kiganja, tundika kivulini. Fanya siku ya shughuli au jana yake. Wanga hunywa unyevu wa hewa, na wakati wa masika gaguro lililotiwa wanga wiki nzima kabla litakuwa limelala.

Nina watoto watatu na tumbo langu linajulikana hilo. Kila nguo ya zamani ninayoiona ni ya mtu mwembamba. Nimeshauriwa nivae koseti inayobana sana. Mnasemaje? — Mama wa Ligula, Mtwara

Dada, kubanwa sana hapana. Koseti ya kuchezea iondoe sentimita tano za kiuno kwa juu kabisa, na uweze kuingiza vidole viwili kati yake na mwili. Zaidi ya hapo pumzi inakaa juu ya kifua, na mtu anayepumua kifuani huonekana ana hofu hata kama hana. Kwenye joto letu anaweza hata kuanguka.

Mwili mpana unavaa zilipendwa vizuri mno ikiwa fundi anapima wewe na si picha. Vipimo vya kiuno vichukuliwe umekaa na umesimama, ashone kwa kile kikubwa. Mkanda wa gauni uwekwe kwenye kiuno chako cha kweli. Ili kukipata, funga kamba ya kawaida, pinda ubavu kushoto na kulia, itajikalia yenyewe. Kwa wengi ni juu ya kitovu kwa vidole viwili au vitatu. Wengi hufungia chini ya hapo, tumbo likaachwa juu ya mkanda, kisha wanalaumu mwili.

Ukitaka koseti nyepesi, mwambie fundi atumie safu mbili za kitambaa kisichovutika, drili au turubai laini la pamba, na katikati yake mifereji ya kupitisha mikanda ya plastiki inayofungia maboksi. Mikanda 10 hadi 12 inatosha. Ncha zake zichomwe kidogo kwa moto ziwe butu, la sivyo zitatoboa kitambaa kwenye kwapa. Vaa saa moja kila siku kwa wiki moja kabla ya shughuli ili ikuzoee.

Belo likifunguliwa huwa naona magauni yanayofanana na ya zamani. Nitajuaje ni ya zamani kweli, na nitayaokoaje yasiharibike? — Mpenda Zilipendwa, Lindi

Anza na zipu. Ya chuma, hasa iliyowekwa ubavuni chini ya kwapa la kushoto, ni dalili nzuri ya miaka ya 1940 na 1950. Zipu nyembamba za plastiki zilienea miaka ya 1960. Kisha lebo. Marekani ilianza kulazimisha lebo za maelekezo ya kufua mwaka 1972, kwa hiyo nguo ya Kimarekani yenye lebo ya aina hiyo ni ya tangu wakati huo. Kukosa lebo hiyo bado hakuthibitishi kitu, huenda ilikatwa. Geuza nguo uangalie ndani: pindo pana la sentimita tano hadi nane na akiba kubwa ya mshono huonyesha nguo iliyoshonwa ili iweze kupanuliwa, na kwako hilo ni faida.

Kitambaa nacho husema. Chomoa nyuzi mbili kutoka ndani ya mshono, uzichome juu ya sahani. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta iliingia madukani miaka ya 1950, hivyo anayekuuzia gauni la poliesta akisema ni la wakati wa vita anakosea.

Kabla ya kulipa, tazama sehemu tatu mbele ya mwanga: kwapa, mshono wa kiuno na ncha ya chini ya zipu. Kwapa lililobadilika rangi likawa gumu limeshaliwa na jasho na halirudi. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili, vuta taratibu. Kikilia kama karatasi, kiache, kitapasuka siku ukiinua mkono kucheza. Namba za saizi usizifuate, za zamani hazilingani na za leo. Nenda na futi, lipime gauni kifuani likiwa limelazwa, zidisha kwa mbili, na liwe limezidi kifua chako kwa sentimita tano.

Harufu ya belo inatolewa kwa siki: kikombe kimoja kwa lita nne za maji, dakika 30, kisha sabuni ya maji kidogo bila kusugua. Anika kivulini, ndani nje. Jua la saa saba la Lindi linapausha nyekundu na bluu ya zamani kwa siku moja. Zipu ya chuma iliyokauka ipakwe mshumaa. Usitumie mafuta ya cherehani, yatasambaa kwenye kitambaa.

Vipodozi vyangu vinayeyuka kabla sijafika ukumbini, na nywele nilizozipiga mawimbi zinajikunja upya. — Mama wa Shangani, Mtwara

Tabaka jembamba mara mbili linadumu kuliko zito mara moja. Osha uso kwa maji baridi, paka losheni nyepesi, subiri dakika kumi kamili. Foundesheni kiasi cha punje ya kunde kwa uso mzima, ibandike kwa sponji yenye unyevu bila kuburuta. Kausha kwa tishu, gandamiza poda, subiri, rudia pale tu palipo na haja. Jipige picha kwa taa ya simu kabla ya kutoka. Baadhi ya poda nyeupe huonekana majivu kwenye mwanga huo, hasa kwa ngozi zetu.

Wanja wa mkia uuchore ukitazama kioo wima, jicho liko wazi. Ukifumba jicho ukachora, ukifumbua mkia unashuka. Elekeza mstari kutoka kona ya nje ya jicho kwenda kwenye ncha ya nyusi na uishie theluthi ya njia. Rangi ya mdomo paka, gandamiza tishu, pitisha poda juu ya tishu hiyo, paka tena. Nyekundu inayoelekea zambarau hung'arisha meno. Inayoelekea chungwa huyafanya yaonekane ya njano.

Nywele hujikunja upya kwa sababu unyevu wa hewa unavunja umbo ulilolipa. Zifungie rola 12 hadi 16 zikiwa na unyevu kidogo na losheni ya kusetia, kaa kwenye draya dakika 45 hadi saa moja, na muhimu zaidi, ziache zipoe robo saa kabla ya kufungua. Zikifunguliwa za moto zinaanguka. Kisha kitambaa cha satini mpaka ukumbini. Wasiotaka shida hiyo wana mfano mzuri: Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyefika Paris mwaka 1925, alizilaza nywele zake fupi zikang'aa, na Ufaransa nzima ikamuiga mpaka ikauzwa pomadi kwa jina la Bakerfix. Na kwa mwenye kujistiri, kilemba ni zilipendwa halisi: kitambaa cha mita 1.8 kwa nusu mita, fundo mbele juu ya paji la uso, ncha zichomekwe ndani.

Mimi ni mwanamume. Napenda bugaluu, zile suruali pana chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene vya wazee wetu. Je, haya mambo ni ya wanawake tu? — Kijana wa Chikongola

Hapana, kaka. Bugaluu ikae juu kiunoni, ibane mapaja, ianze kufunguka chini ya goti, na upindo wake usimame sentimita moja juu ya sakafu ukiwa na viatu. Raizoni zizoee wiki mbili kabla, dakika 20 kwa siku, na soli zisugue kwa msasa zisiteleze. Jua pia kwamba nguo za aina hii zina historia ya mabishano: Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ikaanza Januari 1969, ikipiga vita vimini, mawigi na suruali za kubana. Ukivaa mbele ya mzee aliyekuwa kijana wakati huo, muulize. Atakuonyesha hata zilivyokuwa zikipigwa pasi.

Nichague muziki gani? Nataka wa hapa kwetu. — Msomaji, Masasi

Rumba ya bendi zetu za zamani za dansi imeumbwa kwa kazi hii. Bendi kama Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz ya mwaka 1944 zimefuatwa na nyingine nyingi zilizopiga kwa mtindo wa sehemu mbili: mwanzo wa polepole wenye mashairi, kisha chemko, sehemu ya kasi ya kucheza. Tumia polepole kwa kuchelewesha, na chemko kwa kutoka jukwaani. Nyimbo hizo ni ndefu, kwa hiyo mwambie mtu wa muziki aikate ibaki sekunde 90 za mwanzo na sekunde 50 za chemko, na pale zinapoungana paangukie kwenye pigo la ngoma, siyo katikati ya sauti ya mwimbaji. Beba wimbo kwenye simu na kwenye flashi, na spika ya betri iliyochajiwa. Umeme ukikatika, mwenye spika anaendelea.

Shikamooni wahariri. Nimekuwa somo wa wari, mfunzi wa wasichana unyagoni, kwa miaka mingi. Naona mabinti wanaleta mambo haya kwenye shughuli zetu na simu zimewashwa. Sikatai, lakini nataka mpaka uwekwe. — Somo, Newala

Marahaba, mama. Tunakubaliana nawe.

Ya unyagoni yasiingizwe kwenye onyesho. Nyimbo, vinyago na mafunzo ya chiputu, unyago wa wasichana, vina wenyewe na wakati wake, na bibi kama marehemu Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alipopiga ngoma ya unyago hadharani alijua apige kipi na aache kipi. Binti wa miaka 20 hajui hilo bado. Glavu, kanga, gauni na rumba vinamtosha, na mpango wake auonyeshe kwa somo kabla ya siku, hatua kwa hatua.

Kuhusu simu, weka kikapu cha ukili mlangoni na mtu mzima wa kukilinda. Kila simu izimwe, ifungwe kwenye mfuko wa karatasi wenye jina, ipewe namba. Kipande cha pili cha namba abaki nacho mwenyewe. Kwa watu 60 andaa watu wawili na nusu saa ya kupokea, msianze kabla wa mwisho hajaingia. Anayehitaji simu kwa sababu ya mtoto au mgonjwa akae karibu na mlango, na akiitwa atoke nje kuongea. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini zote hufika picha ikiwa imeshasambaa.

Picha za kumbukumbu zipigwe na mtu mmoja aliyekubaliwa, kabla ya onyesho, mchezaji akiwa amevaa vyote na glavu zake mkononi. Azione mwenyewe pale pale, achague tatu, nyingine zifutwe mbele yake. Na kama shughuli si ya ndani, inauzwa tiketi, mpitieni kwanza afisa utamaduni wa halmashauri muulize kibali kinachohitajika, wiki tatu kabla na si siku ile ukumbi umeshapambwa.